Gesi ya Pwani, Makaa ya Mchuchuma na Fedha ya Chama

Mazungumzo na makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Njombe, Makambako na Ludewa



Katika mikutano mikuu ya vyama vya mkoa huu liko swali linalorudi kila mwaka, nalo huulizwa hasa baada ya mauzo, wakati fedha ipo. Mwanachama husimama akauliza: kwa nini chama kisitie fedha yake katika nishati? Gesi imejaa pwani ya kusini, makaa ya mawe yamejaa Mchuchuma, na wote wanasema nishati ndiyo mali ya kesho. Chama kinangoja nini? Swali hilo si la kipuuzi, na katibu anayelijibu kwa kumkatisha mwenzake kauli hatimizi kazi yake. Lastahili jibu lenye tarehe na hesabu.

Yafaa kwanza ieleweke gesi inayosemwa ni ipi, maana wengi huchanganya. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ni hewa nyepesi iitwayo metheni. Husafiri ndani ya bomba, na haikai katika mtungi wa kawaida wa jikoni. Gesi ya mitungi inayouzwa madukani Njombe na Makambako ni ya namna nyingine, hutokana na usindikaji wa gesi na usafishaji wa mafuta, na huletwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mwanachama anayesema kwamba mtungi ungeshuka bei kwa kuwa gesi ni ya Tanzania anasema jambo ambalo bado halina njia ya kutokea. Ili metheni isafirishwe mbali bila bomba, hupozwa mpaka nyuzi 162 za selsiasi chini ya sifuri, igeuke kimiminika na kupungua ujazo wake mara 600 hivi. Kiwanda cha kufanya hivyo hugharimu makumi ya mabilioni ya dola.

Sasa zitazamwe tarehe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Umeme wake ulianza kuwaka Dar es Salaam mwaka 2004, yaani miaka 30 baadaye. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka wa ugunduzi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku mitambo ya Ubungo ilipopokea gesi. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, ilionekana mwaka 1982, nayo ikangoja zaidi ya miaka 20 kabla ya kuendesha mtambo wowote. Bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Na gesi ya bahari ya kina kirefu, iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010 na kuifikisha hazina ya nchi kwenye futi za ujazo trilioni 57 hivi, ingali chini ya bahari. Mkataba wa awali wa kiwanda cha kuisindika Lindi ulitiwa saini Dodoma Juni 2022, lakini uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha haujatangazwa. Kampuni ya Equinor ya Norway, mmoja wa wabia wakubwa, iliandika katika vitabu vyake mwaka 2021 hasara ya dola milioni 982 kwa mradi huo, kwa kuwa thamani yake ilikuwa imeshuka. Kampuni hiyo inaweza kubeba hasara ya namna hiyo na kuendelea. Chama cha msingi hakiwezi.

Gesi yenyewe imelifaa Taifa sana, na asiyesema hivyo hatendi haki. Katika ukame wa mwaka 2006 na wa 2011 mabwawa yalipungua maji, umeme ukagawiwa kwa zamu, na viwanda vikasimama. Kinyerezi ilipowaka, gesi ikawa inatoa zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Taifa. Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limeanza kuzalisha, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Kwa hiyo kazi ya gesi inageuka: haitakuwa tena nguzo peke yake, bali mlinzi wa mwaka wa kiangazi, na mali ya viwanda vinavyohitaji joto, kama saruji. Wakati wake ujao ni mwema. Lakini ni wakati ujao wa Serikali na makampuni makubwa, wenye vipindi vya kungoja virefu kuliko maisha ya kamati tano za chama.

Hata hivyo mkulima wa Makambako ameingia katika biashara ya gesi bila kujua. Mbolea ya Urea hutengenezwa kwa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuiunganisha na haidrojeni itokayo katika gesi asilia. Huko ndiko sehemu kubwa ya gharama yake iliko. Gesi ilipopanda Ulaya mwaka 2021, ikapanda zaidi baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, mfuko wa mbolea nao ukapanda katika maduka ya Njombe, na wakulima wengi wa mahindi na viazi wakapunguza vipimo shambani. Serikali ilianza ruzuku Agosti 2022, na mfuko wa kilo 50 wa Urea ukashushwa hadi shilingi 70,000. Kiwanda cha mbolea cha kutumia gesi ya nchini kimepangwa Kilwa kwa miaka mingi, nacho hakijajengwa. Siku kitakapojengwa, hilo ndilo jambo la gesi litakalomfikia mwanachama wa mkoa huu kwanza, kuliko mtungi na kuliko hisa.

Ama kuhusu Mchuchuma, habari ni ya karibu zaidi na yenye uchungu zaidi. Makaa ya Nkomang'ombe wilayani Ludewa yalijulikana tangu enzi za ukoloni, na hesabu iliyotangazwa ni tani milioni 428. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda, Shirika asilimia 20 na kampuni asilimia 80, kuchimba makaa hayo pamoja na chuma cha Liganga, kwa mradi wa dola bilioni 3. Palitajwa mtambo wa umeme wa megawati 600, sehemu yake kwa kiwanda cha chuma na iliyobaki kwa gridi. Mtambo huo haujasimama. Masharti ya mkataba yalirudishwa mezani, hasa baada ya sheria za maliasili za mwaka 2017. Kisha Septemba 2021 Rais wa China aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba nchi yake haitajenga tena mitambo mipya ya umeme wa makaa ya mawe nje ya mipaka yake, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya ukaa karibu mara mbili ya gesi kwa kiasi kile kile cha umeme. Mtu wa Ludewa hakuwamo katika ukumbi ule wa New York, lakini neno lile lilimhusu.

Wakati huo huo umeme ulikwisha fika kwa mlango mwingine. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na miji iliyokuwa ikitegemea jenereta za dizeli ikaunganishwa na gridi. Vyama vilivyokuwa vimeahirisha kununua mashine za kusaga na za kukoboa "mpaka umeme wa Mchuchuma uje" vilijikuta vimekosa misimu kadhaa bure.

Makaa yenyewe, bila mtambo, yamepata soko. Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 yakipelekwa kwa malori katika viwanda vya saruji, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei, makaa ya Ruvuma yalipita bandari ya Mtwara kwenda Ulaya. Hapo pana funzo la biashara: anayechimba kidogo na kuuza kwa mnunuzi aliyepo hutangulia anayengoja mradi mkubwa. Ila hata hiyo ni biashara ya wenye mitaji ya malori na leseni, na bei yake hupanda na kushuka kwa sababu za mbali.

Liko jambo moja ambalo makatibu wanaombwa walishike vizuri, kwa kuwa limewagusa wanachama mmoja mmoja. Mashamba ya Nkomang'ombe na Mundindi yalithaminiwa mwaka 2015. Fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15, ililipwa mwaka 2023. Katika miaka hiyo minane mkulima aliyethaminiwa hakujua kama apande kahawa au asipande, kama aezeke nyumba au aache, kwani atakachoongeza huenda kisihesabiwe. Wako waliongoja hivyo mpaka watoto wakamaliza shule. Hasara ya kungoja haionekani katika karatasi yoyote ya mthamini, ila hesabu yake si ngumu. Shilingi milioni 40 zinazozalisha asilimia 10 kwa mwaka hufika milioni 85 na zaidi kwa miaka minane. Zikikaa bila kazi hubaki milioni 40, na vitu vimepanda bei.

Sheria haiko upande wa kuchelewa. Kanuni za ardhi za mwaka 2001 zinataka fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita iongezwe riba, na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 huipa tathmini uhai wa miaka miwili tu. Katibu wa chama chochote kilicho kando ya mradi, uwe wa makaa, wa chuma, wa barabara au wa njia ya umeme, na awe na daftari linaloonyesha kila mwanachama aliyethaminiwa, tarehe, namba ya fomu na mazao yaliyohesabiwa, na nakala ya fomu ikae ofisini. Mtu mmoja mmoja hupoteza karatasi. Panya, moto na urithi ni maadui wa karatasi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana Januari na tena Mei juu ya bomba la gesi, na wako waliopoteza maisha. Waliloliuliza, kwamba wao watapata nini, lilikuwa swali halali. Sehemu ya jibu ilikuwa katika hesabu za halmashauri, kwani makampuni ya gesi wakati huo yalikuwa yakilipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato, kama Kilwa ilivyopokea, na wachache walizijua hesabu hizo.

Basi fedha ya chama? Ukomo wa madeni hupitishwa na Mkutano Mkuu na kukubaliwa na Mrajis, na kitega uchumi chochote nje ya kazi ya chama chataka idhini hiyo hiyo, si saini ya wajumbe watatu waliokutana njiani. Zipo hisa za makampuni ya utafutaji zinazouzwa kwa umma. Mojawapo iliuza hapa nchini mwaka 2014 kwa shilingi 500 kila hisa, na baadaye ikaelemewa na madeni. Mwanachama mwenye akiba yake binafsi na ajaribu akipenda. Akiba ya chama ni ya mjane na ya mzee pia, ambao hawakuulizwa.

Na nishati ambayo vyama vya Njombe tayari vinaifanyia biashara imesahauliwa kwa sababu haina jina kubwa. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni za mikaratusi. Nguzo zinazopeleka umeme vijijini, ukiwa wa Kinyerezi au wa Rufiji, zimetoka kwa wingi katika mashamba ya Njombe na Mufindi, hasa baada ya Serikali kuhimiza nguzo zinunuliwe nchini. Hapo mnunuzi yupo, na bei inajulikana kabla ya mti kukatwa. Taabu ni mbili. Wakulima wengi huuza mti ungali mchanga kwa dalali, kabla haujafikia kipimo cha nguzo, kwa kuwa ada ya shule haingoji. Chama chenye mfuko wa kukopesha mwezi wa Januari kingewaokoa. Pili, nguzo za zege zimeanza kushindana na za miti, hasa sehemu zenye maji, kwa hiyo asiyeweka dawa vizuri ataachwa. Vyama vitakavyotaka kuomba zabuni ya nguzo kwa pamoja vikusanye kwanza idadi ya miti ya kila mwanachama, mwaka iliyopandwa na kipimo cha shina, na orodha hiyo isomwe mbele ya wanachama wenyewe kabla ya kupelekwa kokote.