Chakula cha Mmea Chatoka Hewani



Wengi wetu twadhani kwamba mmea hula udongo tu. Twaomba mtusikilize, maana dhana hiyo hutupunguzia mavuno.

Palikuwa na tabibu mmoja katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, jina lake Jan Baptist van Helmont. Alitia chunguni ratli 200 za udongo mkavu, akapanda mti wa ratli 5, akaunywesha maji tu muda wa miaka 5. Mti ukafikia ratli 169 na zaidi. Udongo ukapungua kama wakia 2 tu. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1648, naye amekwisha kufa. Alisema kwamba mti wote umetokana na maji. Kumbe sehemu kubwa ya mti mkavu yatoka hewani!

Tukichoma mti twapata makaa, nayo ni kaboni. Imo pia hewa ya kaboni, ile tuitoayo tunapopumua, nayo ni kama sehemu 4 tu katika sehemu 10,000 za hewa. Huingia katika jani kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukijani wa jani hushika nguvu za jua, na kwa nguvu hizo jani huunganisha kaboni na maji, ikawa sukari. Kwa sukari hiyo mmea hujenga punje, mizizi na shina. Basi jani ndilo jiko, na jua ndilo kuni.

Yatupasa nini? Kwanza, tusikate majani mabichi ya mahindi kulisha ng'ombe, punje zingali na maziwa. Majani yaliyo karibu na hindi na juu yake ndiyo yalishayo punje. Akataye leo apata mzigo wa majani, akapoteza pishi za nafaka. Pili, tupalilie mapema, kwani magugu huyakinga mahindi machanga na jua, tena huyanyang'anya maji. Maji yakipungua, vitundu hufungwa na jiko husimama. Tatu, tusiache samadi: chakula cha udongoni ni kidogo kwa uzito, lakini pasipo hicho ukijani haupatikani.

Walimu na waweke ubao juu ya majani mabichi siku chache, watoto waone yanavyogeuka manjano. Nao wazee wayakumbushe haya barazani kabla ya mvua.