Nani Anamlipa Askari wa Pori? Uwindaji wa Kitalii na Historia ya Selous



Nikitaja uwindaji wa kitalii mbele ya watu wengi, ukumbi hugawanyika kabla sijafika mwisho wa sentensi. Wako wanaomwona mara moja mgeni aliyepiga magoti nyuma ya mzoga wa simba, anachekelea kamera, na roho zao zinachafuka. Wako pia wanaosema fedha ya mgeni huyo ndiyo inayojaza mafuta kwenye gari la doria, kwa hiyo tumwache apige picha yake. Sitawapatanisha jioni hii. Naona pande zote mbili zimeikodolea macho bunduki, na bunduki siyo yenye majibu. Kwa miaka yote niliyofundisha uchumi wa maliasili nimefuatilia fedha, na historia ya Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, imenishawishi kwamba tembo wetu waliishi au walikufa kutegemea fedha hiyo iliishia wapi baada ya mgeni kupanda ndege kurudi kwao.

Kwanza kazi yenyewe, maana inabishaniwa sana na watu wasioijua. Katika hifadhi za taifa hakuna kuwinda. Vitalu vya uwindaji viko katika mapori ya akiba, mapori tengefu na maeneo ya Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, zile tunazozoea kuziita WMA. Kampuni hupewa kitalu, hulipa ada ya mwaka, na hupangiwa mgawo: nyati wangapi, chui wangapi, simba wangapi. Mteja anayetaka simba au tembo hukata kibali cha siku 21. Simba anaweza kupatikana siku ya nne, lakini kila siku ya mteja porini inalipiwa, na hapo ndipo biashara ilipo. Anaongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Nyuma yao wapo mchuna ngozi, mpishi, dereva, na askari wa wanyamapori anayesimama kwa niaba ya serikali kuona kwamba aliyepigwa ndiye aliyeandikwa kwenye kibali. Mbele ya wote hutangulia mtafuta nyayo, ambaye mara nyingi ni mtu wa kijiji cha jirani. Mteja anaweza kulipa dola elfu hamsini au zaidi kwa safari moja, na kwa kweli anachonunua ni macho ya mtu huyo, ambaye katika karatasi za kampuni ameandikwa kama kibarua. Mnyama akijeruhiwa akapotelea vichakani, hulipiwa sawa na aliyekufa.

Mbona basi tusiwaachie watalii wa kamera peke yao? Anayeuliza hivyo aende kusini wakati wa kiangazi, Liwale au Tunduru. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya wanyama ni miombo: miti mfululizo, upeo wa macho hatua mia, na mbung'o wanaouma hadi kupitia soksi. Utaendesha gari nusu siku uone mgongo wa kongoni ukitokomea. Mtalii wa kamera ana siku tano, anataka simba kabla ya chakula cha mchana, na Serengeti inampa. Mwindaji haoni shida mbung'o wala vumbi. Pori gumu ndilo analolilipia. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za watetezi wa uwindaji, na sijawahi kusikia jibu lake la kuridhisha kutoka kwa wanaharakati wa Ulaya.

Lakini hoja hiyo huanza hadithi katikati, kana kwamba pori lilikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Sheria ya kwanza ya leseni za kuwinda katika ardhi hii ilitolewa na Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann mwaka 1896, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kutengwa. Tangu siku hiyo mtu aliyekuwa akiwinda ili ale akawa jangili, na aliyekuja na bunduki kwa ajili ya mapambo ya ukutani akawa mteja halali. Mwaka 1922 Waingereza wakalipatia pori jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwanajeshi aliyeuawa Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Katika miaka ya 1940 maelfu ya watu wa Liwale walihamishwa, sababu iliyotolewa ikiwa ugonjwa wa malale, na pori likapanuliwa chini ya Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, Constantine Ionides, yule ambaye watu wa kusini walimwita Bwana Nyoka. Mwishowe likafika kilomita za mraba zipatazo 50,000, zilizogawanywa katika vitalu zaidi ya arobaini, vingi mno vikiwa vya uwindaji.

Baada ya uhuru serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO, na mwisho wa miaka ya 1980 ikarudisha kampuni binafsi. Hapa ndipo hesabu ninazotaka tuzitazame zinapoanzia.

Mwaka 1976 sensa ya anga ilikadiria tembo karibu 109,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Muongo wa 1980 ulipokwisha walibaki kama 30,000. Ujangili wa pembe ulikuwa umewala. Operesheni Uhai, ya kijeshi dhidi ya ujangili, ilianza 1989, na mwaka huohuo dunia ikafunga biashara ya pembe chini ya mkataba wa CITES. Lakini operesheni za kijeshi hazidumu. Kilichodumu, kwa muda, ni utaratibu usio na mvuto wowote magazetini: kuanzia 1994, kupitia mradi uliosaidiwa na Ujerumani, Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, na sehemu kubwa mno ya mapato hayo ilitokana na uwindaji. Mkuu wa pori aliweza kununua matairi bila kuandika barua Dar es Salaam. Askari walipata posho ya doria, barabara zikalimwa, redio zikafanya kazi. Kufikia 2006 tembo walikadiriwa kuwa 70,000 hivi.

Lakini utaratibu huo ulikuwa umelegezwa, na katikati ya miaka ya 2000 fedha zikaanza tena kupanda juu kwenda Hazina. Pori likawa kama mkulima aliyepeleka gunia lote sokoni bila kubakiza mbegu. Wawindaji wa kitalii hawakupungua, risasi zao hazikuongezeka, vitalu vilikuwa vilevile. Sensa ya 2009 ikatoa tembo wapatao 39,000. Ya 2013 ikatoa 13,084. Katika miaka hiyo tembo waliopigwa kihalali nchi nzima walihesabiwa kwa makumi kwa mwaka. Hata ukichukia uwindaji kwa moyo wako wote, huwezi kuwaweka maelfu ishirini na ushee kwenye mlango wa wateja wale. Mwaka 2014 UNESCO iliitia Selous katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Najua bei ya pembe barani Asia ilipanda katika kipindi hichohicho. Ni kweli, na hakuna mtu makini anayedai kwamba matairi peke yake yangeuzuia mtandao ule. Ila jangili mwenye bei nzuri sokoni huenda penye doria dhaifu, na doria ya Selous ilikuwa imedhoofika kabla hajafika. Hili linawakata watetezi wa uwindaji pia. Kampuni ziliendelea kulipa ada, zikaendelea kutangaza kwamba uwindaji ni uhifadhi, na tembo wakateketea chini ya tangazo hilohilo. Hadi 2007 ada ya kitalu ilikuwa dola 7,500 kwa mwaka, kwa eneo ambalo mara nyingi lilizidi kilomita za mraba elfu moja. Wapo waliopewa vitalu kwa bei hiyo wakavikodisha kwa wageni kwa bei nyingine kabisa, na tofauti haikupita hata karibu na askari. Ndiyo maana naunga mkono minada iliyoanza mwaka 2019, pamoja na kasoro zake na vurumai iliyoitangulia pale leseni zilipofutwa mwaka 2017.

Kwa simba mambo ni tofauti, na hapo wawindaji wenyewe wana kesi ya kujibu. Dume jipya linapotwaa kundi huua watoto wa dume lililotangulia, kwa hiyo risasi moja kwa dume kijana inaweza kuangamiza kizazi kizima. Watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walionyesha mwaka 2004 kwamba kundi linahimili uwindaji endapo madume yanayopigwa yamekwisha kuvuka miaka mitano au sita na kulea watoto wao. Weusi wa pua ni dalili mojawapo ya umri, na mwindaji bingwa mzuri anaweza kuusoma kwa darubini kutoka ulingoni, simba akila chambo. Tanzania ikaweka kiwango cha miaka sita. Lakini idadi ya simba waliokuwa wakipigwa ilikwisha kushuka kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na utafiti wa 2011 wa Packer na wenzake ulihusisha anguko hilo na uwindaji kupita kiasi. Walipendekeza simba mmoja tu kwa kila kilomita za mraba 1,000 Selous, na nusu ya hapo kwingineko. Kwa hiyo mtu akiniambia mgawo umepangwa kitaalamu, namwomba anionyeshe simba alihesabiwa na nani.

Sasa twende kijijini. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini, wengi wao katika mikoa ya kusini, Rufiji ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Wengi waliuawa msimu wa mavuno, wakiwa wamelala kwenye dungu kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe pori. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa aliyefiwa. Nimewaambia dola anazolipa mteja kwa safari moja. Sina haja ya kuwakokotolea. Kwa miaka mingi robo ya mapato ya uwindaji ilielekezwa halmashauri za wilaya. Halmashauri siyo kijiji. Fedha iliyofika wilayani ikawa semina, na mwenye shamba lililoliwa akabaki na redio inayomwambia tembo ni urithi wake.

WMA zilibuniwa kurekebisha hilo, kutokana na sera ya 1998, na baadhi zimejitahidi. Lakini mapato bado hupitia serikalini kwanza, yakagawanywa, ndipo yakarudi kwa wanakijiji, nao huyapokea yamechelewa na bila maelezo. Namibia ilitunga sheria mwaka 1996 inayoiruhusu jumuiya ya wenyeji kuingia mkataba na kampuni yenyewe, kulipwa yenyewe na kugawana nyama yenyewe. Sisi tumewakabidhi wenyeji ulinzi, mkataba tukabaki nao.

Nitaulizwa kuhusu Kenya, ambayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tafiti zinaonyesha wanyama wa nyanda za malisho Kenya walipungua kwa asilimia 68 hivi kati ya mwaka huo na 2016, na watetezi wa uwindaji huitumia takwimu hiyo kama rungu. Siikubali kirahisi. Uzio, mashamba, mifugo na ukame vingefanya kazi yao hata kama kungekuwa na bunduki za kitalii. Inachothibitisha ni kwamba marufuku nayo haimlipi askari.

Tunapogongana na Kenya kwa kweli ni mpakani. Tembo wa Amboseli, ambao mtafiti Cynthia Moss amewafuatilia tangu 1972, huvuka kuja Enduimet na Longido bila pasipoti. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa yenye pembe kubwa yalipigwa upande wetu, kwa kibali. Kisheria hatukukosea. Ila madume ya umri ule ndiyo yanayozalisha kwa wingi, na idadi yao ni ndogo kiasi kwamba kuwaondoa wachache kwa mwaka ni hasara kwa kundi zima. Hapo sioni hata sababu ya kiuchumi ya kung'ang'ania: ada ya tembo wale ni ndogo kuliko gharama ya ugomvi. Ningeyafunga maeneo yale kwa tembo kesho asubuhi, na uwindaji wa nyati na swala uendelee.

Ninamaliza na Selous ilivyo leo. Mwaka 2019 kilomita za mraba 30,893 zilitolewa katika pori la akiba zikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wawindaji wametoka humo. Watalii wa kamera wamejaa kaskazini, kandokando ya Rufiji, ambako walikuwapo tangu zamani. Katikati na kusini mbung'o bado ndio wenyeji. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ikaelekeza mapato ya mashirika ya uhifadhi, TANAPA ikiwamo, yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Niliposoma kifungu kile nilirudi kabatini kutafuta sensa za 2006 na 2013 nikaziweka mezani sambamba. Mwanafunzi wa uzamili anayehangaika kupata mada ya tasnifu aanze hapo: posho ya doria kwa kila kilomita ya mraba, kitalu kwa kitalu, kabla na baada ya 2019. Takwimu zipo. Kibali cha kuziona ndicho kitakachomchukua muda, na barua ya utambulisho nitamwandikia mimi.