Lugha ya Juu ya Paa: Msamiati wa Mafundi wa Mabati katika Kiswahili



Mada ya mhadhara huu ni msamiati wa mafundi wanaoezeka na kukarabati mapaa ya mabati. Mada hii yaweza kuonekana ndogo mbele ya ushairi na fasihi, lakini swali lililomo ni zito: lugha hukulia wapi, na ni nani huikuza?

Bati lenye migongo lilitoka ng'ambo. Henry Robinson Palmer alilipatia hataza jijini London mwaka 1829, na mbinu ya kukinga chuma kwa zinki ilipata hataza nchini Ufaransa mwaka 1837. Lilipofika Afrika Mashariki, Kiswahili hakikuhitaji kitenzi kipya. "Kuezeka", kitenzi cha makuti na nyasi, kilihamia kwenye chuma. Kinyume chake, "kuezua", kilihamia pia, kwa kanuni ileile inayozaa "fungua" kutokana na "funga". Leo magazeti huandika kuwa upepo umeezua mapaa ya shule, na hakuna msomaji anayedhani shule hizo ziliezekwa kwa makuti.

Majina nayo yalitoka karibu: kwenye mwili na mavazi. Sehemu ya bati iliyoinuka ni "mgongo". Kipande kinachofunika kilele cha paa ni "kofia". Kinachobandikwa juu ya tundu ni "kiraka". Kutu, kwa upande wake, "hula" bati. Sitiari hizi hubeba maarifa. Msumari hupigwa juu ya mgongo kwa sababu maji hupita palipobonyea. Anayekumbuka kuwa maji huteremka kutoka mgongoni hahitaji kukumbushwa kanuni hiyo.

Neno la mkopo "geji" lina mtego wake. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Mnunuzi asiyelijua hilo hudhani amepata bati imara zaidi, kumbe amepata kinyume. Maana ya neno ikipotea, fedha hupotea pamoja nayo.

Sarufi haikuachwa nyuma. Kamusi huliweka "bati" katika ngeli ya LI-YA: bati hili, mabati haya. Dukani husikika "bati hizi" na "bati za rangi". Mwalimu huliita kosa. Mtafiti huona wazungumzaji wanaotaja bidhaa kwa aina yake, kama wanavyotaja nguo au sabuni. Matumizi hayo yanastahili kuchunguzwa kabla ya kusahihishwa.

Uzito wa suala hili huonekana paa linapovuja. Mwenye nyumba husema, "Nitengenezee paa." Fundi ana kazi tatu tofauti kichwani: kuziba tundu, kubadilisha mabati yaliyoliwa, au kuezua na kuezeka upya. Gharama zake hazilingani. Tena, tone linapoangukia si lazima pawe ndipo penye tundu, maana maji huweza kufuata boriti kabla ya kudondoka. Kitenzi "kutengeneza" kikitumika peke yake katika makubaliano, ugomvi unakuwa umekwisha kuandaliwa. Mwenye nyumba ataona ameibiwa, na fundi atanyimwa ujira wa kazi aliyoifanya kweli.

Kamati za istilahi zimefanya kazi kubwa. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Hata hivyo, istilahi inayotungwa mezani hulazimika kutafuta wasemaji. Ya fundi huzaliwa ikiwa nao tayari. Nchini Kenya, "jua kali", jina lililotokana na jua linalowachoma mafundi wafanyao kazi mahali pa wazi, lilifika hadi kwenye kichwa cha waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo. Hakuna kamati iliyolibuni.

Yapasa basi wanaleksikografia wapande ngazi, wakiwa na daftari, wawasikilize mafundi na vijana wanaojifunza kwao. Kijana anayejua kazi lakini haoni maneno ya kazi yake katika kitabu hufundishwa, bila kuambiwa, kwamba ujuzi wake si elimu. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta.