Mji Unaotazamwa kutoka Baharini: Tathmini ya Mandhari katika Ukingo wa Mji Mkongwe



Abiria wa boti itokayo Dar es Salaam huanza kuiona Zanzibar kwa minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kisha hujitokeza safu ya nyumba za ufukweni: Shangani, Forodhani, Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, kasri ya Sultani, hadi Malindi bandarini. Safu hiyo haikujipanga kwa bahati. Sultani Sayyid Barghash alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 aliielekeza baharini, kwa sababu wengi aliotaka waione walikuja kwa njia ya bahari. Na ni kutoka baharini vilevile ambako manowari za Waingereza ziliipiga safu hiyo tarehe 27 Agosti 1896. Jumba la Beit al-Hukm likaangamia, na mnara wa saa tuliozoea kuuona mbele ya Beit al-Ajaib ulijengwa baada ya mizinga hiyo.

Kwa hiyo sitadai kwamba ukingo huu usiguswe. Umeguswa mara nyingi, na mara nyingine kwa manufaa. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na ukuta wa bahari wa Mizingani umejengwa upya. Kazi zote mbili zimebaki chini, hazikumzibia mtu macho. Hoja yangu inahusu miradi inayopanda juu, na hasa namna tunavyoipima kabla ya kutoa kibali. Nasema hivi: katika tathmini ya mandhari, hukumu nyingi hupitishwa saa ile mtu anapoamua kamera isimame wapi. Uamuzi huo tumemwachia mwekezaji, na si haki yake.

Tuangalie hesabu, kwani hapa ndipo mambo yanapofichwa. Jengo la urefu wa mita 30, likitazamwa kutoka mita 300, huchukua karibu nyuzi sita za jicho. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba: upana wake ni takriban nyuzi mbili. Jengo hilo basi ni vidole gumba vitatu vilivyopandana. Sogea hadi kilomita moja na nusu, linabaki nusu ya kidole. Jengo ni lilelile, na kila moja ya picha hizo mbili ni ya kweli. Anayechagua umbali ndiye anayechagua jibu.

Lenzi nayo ina lake. Wapimaji makini wa mandhari hutumia lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili. Ukipiga kwa lenzi pana ya milimita 28, ukachapisha picha kwa ukubwa uleule, kila kilicho mbali hupungua hadi kidogo zaidi ya nusu. Picha inapendeza, anga limejaa, bahari imetanda, na ghorofa linalobishaniwa limenywea kule nyuma. Mjumbe wa kamati anayepewa picha ya namna hiyo mezani, bila kuambiwa lenzi wala mahali pa kusimama, anaombwa aidhinishe kitu asichokiona.

Shangani tunalo somo la karibu. Jengo la kale la Mambo Msiige, la katikati ya karne ya 19, liligeuzwa kuwa hoteli na kuungwa na jengo jipya kando yake. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa jengo hilo jipya. Hoteli ikafunguliwa mwaka 2015. Tulibishana sana kuhusu idadi ya ghorofa. Kwa maoni yangu, tulisahau kuuliza kuhusu nafasi wazi. Katika mji wa vichochoro kama huu, pengo kati ya nyumba mbili ndilo linalomwezesha mtu aliye ndani ya mtaa kuiona bahari, na aliye chomboni kuuona mtaa. Fomu ya tathmini ina kisanduku cha jengo. Pengo halina kisanduku.

Wenzetu wa nje wamelipia uzembe huu. Bonde la mto Elbe huko Dresden, Ujerumani, liliandikishwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu cha Aachen walichunguza daraja lililopangwa kuvuka mto Elbe na kuonyesha kwamba lingeharibu mandhari ya bonde. Wakazi walikuwa wameshapiga kura ya kulitaka daraja. Kazi ikaendelea, na mwaka 2009 bonde likafutwa kwenye orodha. Liverpool, mji wa bandari ulioandikishwa mwaka huohuo wa 2004, nao ulifutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa ukingoni, ukiwemo uwanja wa mpira katika gati la kale la Bramley-Moore. Dresden inanigusa zaidi, maana pale kipimo kilikuwepo na kilikuwa kizuri, ila kilifika baada ya watu kuamua.

Ndiyo maana naomba vituo vya kutazamia vipangwe kabla mchoro wa kwanza haujachorwa, na viwe mali ya umma. Viwe baharini pia, kwenye njia ya boti na pale ngalawa zinapogeuza tanga. Waulizwe wavuvi wa Malindi, na vijana wanaojirusha majini Forodhani kila jioni. Hao wanaujua ukingo huu kuliko mshauri yeyote anayekuja kwa wiki mbili. Usiku nao upimwe, kwa sababu taa za hoteli huonekana mbali kuliko kuta zake.

Kubwa zaidi ni mwaka wa kuanzia. Leo kila mradi hulinganishwa na hali ilivyo siku ya maombi. Ghorofa moja ikizidi, ya jirani hulinganishwa na hiyo iliyozidi, na hakuna anayevunja sheria wakati mji unapanda. Kizingiti kiwe mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoandikishwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Hili lina uzito wa pekee sasa. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020. Mwekezaji akipiga picha yake baada ya siku hiyo, anaweza kusema kwamba mandhari yameshavunjika na jengo lake haliongezi dosari. Asikubaliwe. Mnara urudishwe kwenye kila picha ya tathmini, kwa urefu wake kamili, hata kama bado haujasimama tena, na mradi upimwe ukiwa kando yake.