Saa ya Kufika Bandarini

Leo twapenda kusema nanyi, hasa ninyi ndugu zetu wa Mogitu na wa nchi yote iliyo chini ya Mlima Hanang hata Mbulu, juu ya jambo ambalo watu wa pwani hulijua tangu utoto, nasi watu wa bara hatukufundishwa: msafiri apaswa kufika bandarini saa ngapi ili apande meli. Labda mtu atacheka akisema, "Kwetu tuna mahindi, mbaazi na ng'ombe, bahari yatuhusu nini?" Lakini vijana wetu huvuka kwenda Unguja kwa masomo na kwa kazi, na wazee huwafuata kwa harusi na kwa misiba, na mtu aliyechelewa maziko hakuna awezaye kumrudishia siku ile.

Kwanza yatupasa kuiacha nyumbani desturi moja. Gari la mnadani hungoja lijae. Utingo huita, dereva hupiga honi, na mwenye mbuzi wake akionekana mbali, husubiriwa. Meli haina desturi hiyo. Saa iliyoandikwa katika tikiti si saa ya kufika, wala si saa ya kupanda. Ni saa ya kufunguliwa kamba. Mlango wa abiria hufungwa kabla ya hapo, na aliye nje ya mlango, hata kama meli aiona kwa macho yake imefungwa gatini, amekwisha kuachwa.

Pili, kuisoma saa yenyewe. Hapa ndipo wengi wetu hupotea, nao si wajinga. Sisi twahesabu saa tangu kucha, bali tikiti huhesabu tangu saa sita ya usiku. Tuseme mzee apewa tikiti iliyoandikwa 12:30. Yeye asoma saa kumi na mbili na nusu. Akidhani ni ya alfajiri, atangoja muda wa saa sita juu ya benchi, na hilo si dhara kubwa. Akidhani ni ya jioni, atakuta gati tupu, maana meli iliondoka saa sita na nusu mchana. Iliyoandikwa 07:00 ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtu husema, "Saa saba, baada ya chakula," kumbe ni saa moja asubuhi. Ondoa sita katika hesabu ya tikiti, nawe utapata saa yako. Na ikiwa ni 16:00, ondoa sita upate kumi, ndiyo saa kumi alasiri.

Usiku una mtego wake. Tikiti ya 00:30 tarehe 10 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 10. Msafiri apaswa kuwa bandarini jioni ya tarehe 9. Akija jioni ya tarehe 10, amechelewa karibu siku nzima. Twawasihi wanaowanunulia wazazi wao tikiti kwa simu wasiwatumie tarakimu peke yake, bali waandike kwa maneno: "Baba, fika saa tano asubuhi, siku ya Jumanne."

Basi, afike mapema kiasi gani? Kwa meli ziendazo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja, ambazo huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, sisi twashauri awe mlangoni saa moja na nusu kabla. Na mwenye mizigo mingi, au mgonjwa, au watoto wadogo, saa mbili. Ashike kitambulisho chake mkononi, kisiwe chini ya kikapu. Zile meli kubwa za watalii zinazozunguka dunia ni kali zaidi, kwa kuwa majina ya abiria hupelekwa mbele kwa wakuu wa bandari kabla ya nanga kung'olewa.

Majina hayo si urasimu mtupu, na hapa twataka mtusikilize vema. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupakia watu wengine Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na hata leo hesabu zao hazipatani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, lakini tume iliyochunguza ilisema waliokufa pamoja na waliopotea walipita 1,500. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Abiria arukaye ndani dakika ya mwisho, akimpa mtu fedha mkononi, huongeza uzito usiohesabiwa. Na jambo baya likitokea, jamaa zake hawana daftari la kuwaonyesha kuwa alikuwamo.

Tena kuna mafunzo ya kujiokoa. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba huko Italia tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, wako abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile bila kufundishwa bado mahali pa kukusanyika. Tangu 2015 sheria ya mataifa yataka abiria wa safari ndefu wafundishwe kabla ya kuondoka au mara meli iondokapo.

Sasa njia. Mtu wa Mogitu hawezi kuondoka kwake asubuhi na kupanda meli siku ile ile, asijaribu. Aweza kupita Babati na Kondoa hata Dodoma, au kupita Singida; na toka Dodoma, tangu 2024, iko treni ya umeme hata Dar es Salaam, gari la moshi lisilo na moshi, ambalo wazee wetu wangelistaajabia. Ajaye kwa basi hushuka Mbezi, wala hapo hajafika. Toka Mbezi hata bandarini ni mwendo mrefu wenye foleni. Nasi twakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo yaliposhuka mlimani, yakaua watu wetu na kuziba barabara pale Katesh. Kwa hiyo hesabuni siku tatu: mbili za njia pamoja na nafasi ya dharura, mkalale Dar es Salaam, na ya tatu ndiyo ya meli.

Mkifika mjini, msimwambie dereva, "Nipeleke feri," mkanyamaza. Feri kwa watu wa mji ule ni kivuko cha Kigamboni, karibu na soko la samaki. Semeni, "Meli za Unguja." Mahali hapa pawili si mbali, lakini kwa mtu mwenye magunia na dakika kumi ni mbali sana.

Mwisho, upepo. Katika miezi ya kusi, hasa tangu Juni hata Agosti, bahari huchafuka, na MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika majira hayo, tarehe 18 Julai 2012. Ulizeni jioni iliyotangulia kama safari ipo. Na mkiwa mmeachwa, rudini dirishani mkaulize habari ya meli ifuatayo. Yule kijana atakayewanong'oneza ukutani kwamba ana mashua yake iondokayo sasa hivi, mwambieni asante, mkae.