Upepo Uking'oa Mabati: Tudai Bima Namna Gani?
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi)



Mnakumbuka mvua ndefu za mwaka 2024. Kule Mai Mahiu, kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Aprili, maji yalizoa watu, nyumba na magari. Roho ya mtu hailipiki. Lakini stoo au pikap ya kikundi yaweza kulipwa, mradi bima ni ile inayofaa na mmedai sawasawa.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilikuwa na stoo ya mahindi. Usiku mmoja upepo ukaezua paa. Asubuhi, kwa moyo wa harambee, wakakusanya mabati yaliyokunjamana, wakayauza kama vyuma vikuukuu, wakaita fundi aezeke upya. Baada ya wiki mbili ndipo wakaenda kwa wakala wa bima. Mkadiriaji alipofika akakuta paa jipya linang'aa. Sasa aandike nini? Risiti za mabati ya kwanza hazikuonekana. Mahindi yaliyolowa nayo hayakuwa kwenye bima, kwani walikuwa wamekatia jengo peke yake. Walipata pesa kidogo sana, na deni la fundi likabaki. Hata sisi tunajilaumu. Tuliwahimiza kukata bima, hatukuwafundisha kudai.

Basi tushike mambo haya.

Kwanza, someni hati kabla ya mvua. Bima ya moto peke yake huenda isilipe upepo wala mafuriko. Ulizeni kama dhoruba imeandikwa humo. Kwa gari, ile bima ya lazima ya mtu wa tatu hulinda watu wengine, si gari lenu. Mti ukiangukia pikap yenu, hiyo haiwasaidii. Mnahitaji bima kubwa, ile ya komprehensivu.

Pili, msipunguze thamani ili mlipe kidogo. Tuseme stoo ni ya sh. 600,000, nanyi mmeandika 300,000. Hasara ikiwa 100,000, kampuni yaweza kusema mlikata bima ya nusu, kwa hiyo iwape 50,000. Hapo bado haijatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye mali hujibebea.

Tatu, dhoruba ikipita, pigeni picha kwanza. Simu ya kijana yeyote inatosha. Pigeni jengo lote, kisha kila palipoharibika, na namba ya gari ionekane. Halafu zuieni hasara isiongezeke: funikeni kwa turubai, hamisheni magunia. Hiyo inaruhusiwa, tena inatakiwa. Wekeni risiti ya turubai. Ila msitupe bati hata moja, wala msianze matengenezo makubwa kabla mkadiriaji hajaona. Gari likiingia maji, msijaribu kuliwasha. Injini ikivuta maji huvunjika, na kampuni yaweza kusema hasara hiyo mmejiletea wenyewe. Livuteni.

Nne, toeni habari upesi, siku hiyo au kesho yake. Simu ni sawa, lakini fuatisheni barua, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Jazeni fomu ya madai kwa ukweli. Ukiongeza magunia ambayo hayakuwepo, waweza kunyimwa hata yale yaliyokuwepo. Ambatisheni picha, risiti, makadirio ya fundi na barua ya chifu. Kampuni ikibisha kwamba hapakuwa na dhoruba, Idara ya Hali ya Hewa huweka kumbukumbu za mvua na upepo.

Tano, msitie sahihi kwa haraka. Ile karatasi ya kukubali malipo mara nyingi husema mmemalizana kabisa. Kiasi kikiwa kidogo, ulizeni kwa maandishi kimehesabiwaje. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, Nairobi, pamoja na nakala za barua zote.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi kila kikundi kimchague mtu mmoja leo wa kutunza hati ya bima, risiti na picha za mali, na nakala ikae nyumba nyingine, maana paa likienda karatasi nazo hulowa. Tukija mwezi ujao tutaomba kuliona faili hilo.

Sasa tuanze maswali.