Mtu Aliyebaki Stesheni
(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni)

 

Leo sianzi na Maandiko. Naanza na sinema. Najua wako wazee watakaotikisa kichwa na kusema, "Mchungaji naye amefika huko?" Nivumilieni kidogo, wazee wangu. Maandiko yatakuja, na nadhani mtakubali kwamba njia niliyopita haikuwa mbaya.

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulikuwa na mwalimu aliyetoka Tamil Nadu, upande wa kusini wa India, mtu wa lile Kanisa la India Kusini lililoundwa mwaka 1947 Waanglikana walipoungana na Wakristo wa madhehebu mengine. Alikuwa mtu mkimya. Lakini Jumamosi moja jioni alituita chumbani kwake, wanafunzi wanane hivi, akatuonyesha filamu ya lugha yake ya Kitamil. Inaitwa Moondram Pirai, nayo ilitoka mwaka 1982. Maana ya jina hilo ni mwezi wa siku ya tatu, ule mwembamba kama ukucha, unaoonekana magharibi jua likishatua, na kabla hujamwita jirani aje autazame umekwisha kuzama. Sisi tulio karibu na pwani twaujua mwezi huo vizuri.

Habari yenyewe ni hii. Msichana mmoja aitwaye Bhagyalakshmi anatoka karamuni, gari linapata ajali, naye anaumia vibaya kichwani. Anapopata nafuu hawajui wazazi wake. Umri wake ni wa mtu mzima, lakini akili imerudi kuwa ya mtoto mdogo. Akiwa bado anatibiwa, watu waovu wanamwiba na kumwuza katika nyumba ya makahaba mjini Madras, mji ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai. Huko anaitwa Viji. Hajui yuko wapi wala kwa nini amewekwa pale.

Kijana mmoja mwalimu wa shule, Srinivas, anafika katika nyumba ile pamoja na rafiki yake. Tulipofika hapo, wanafunzi kadha tuliangalia chini. Mwalimu wetu akasema, "Tazameni tu, ndugu zangu. Mungu amewahi kumkuta mtu mahali pabaya kuliko hapo." Yule kijana analetewa Viji chumbani, na mara anatambua kwamba aliye mbele yake ni mtoto. Anafanya hila, anasema atamchukua matembezini, na harudi naye tena. Anampeleka nyumbani kwake Ketti, karibu na Ooty, katika milima ya Nilgiri. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye mashamba ya chai. Mtu wa Limuru au wa Kericho angeshuka pale asijione mgeni. Tena kuna reli nyembamba inayopanda milima hiyo, iliyofika Ooty mwaka 1908. Reli hiyo ishikeni akilini, maana tutarudi kwake.

Basi huko wanaishi. Anampikia, anambembeleza alale, anamvumilia akinuna. Wana mtoto wa mbwa ambaye Viji amempa jina la Subramani. Viji akiwa na huzuni, kijana anajifanya nyani, anaruka-ruka mpaka acheke. Mtu mmoja wa pale kijijini anapotaka kumharibu, huyu mwalimu mpole anashikwa na ghadhabu hata nusura aue. Tena hamgusi kwa ubaya. Anampenda, naam, anatumaini siku moja kumwoa, lakini anangoja.

Sisemi filamu yote ifaa kuonyeshwa katika ukumbi wa kanisa. Kuna mambo ya mke wa mwalimu mkuu ambayo mimi ningeyaruka, nayo hayaongezi kitu. Na madaktari watawaambia kwamba mtu aliyeumia kichwani kwa kawaida husahau saa au siku zilizo karibu na ajali, ni nadra sana asahau hata yeye mwenyewe ni nani. Hayo tuyaache. Hadithi ina ruhusa yake.

Lakini yuko mtu mmoja katika kazi hii ambaye wasikizaji wangu wangependa kumjua. Mle ndani mna wimbo wa kubembeleza, maneno yake yaliandikwa na mshairi Kannadasan, naye alifariki Oktoba 1981, filamu ikiwa haijatoka. Mtu huyo alikuwa Mhindu, hata akaandika vitabu vya kueleza dini yake, lakini pia alitunga utenzi mrefu kwa Kitamil juu ya maisha ya Bwana Yesu. Mwalimu wetu alituambia hivyo huku akitabasamu, kana kwamba ametuonyesha mti wa matunda nje ya uzio wetu.

Sasa sikieni mwisho. Srinivas anasikia habari za mtabibu wa dawa za asili za Kihindi, naye mwenyewe anampeleka Viji kwake akatibiwe, akamwacha huko kwa siku hiyo. Hapo ndipo nilipoguswa. Angaliweza kumwacha alivyo. Hakuna aliyemlazimisha. Viji akiwa mtoto alikuwa wake kila siku, lakini yeye alitaka apone.

Dawa inafanya kazi. Siku hiyo hiyo polisi waliokuwa wakimtafuta msichana wanafika, na Srinivas anaogopa kukaribia, maana machoni pa sheria yeye ndiye mwizi wa mtoto wa watu. Viji anaamka, anawatambua baba na mama. Anakumbuka ajali. Ila siku zote alizoishi kule mlimani zimefutika, hakuna hata moja iliyobaki. Mtabibu anawaeleza wazazi kwamba aliyemleta alimtunza vema, na baba anaondoa mashtaka. Wote wanafurahi, wanakwenda stesheni.

Mvua inanyesha. Kijana anakimbia nyuma ya gari, anaanguka, anaumia, anafika stesheni amejaa matope. Anamwita dirishani. Viji anamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni. Basi anafanya lile jambo la mwisho analolijua: anajifanya nyani. Anaruka-ruka pale penye reli, mbele ya abiria, kama alivyokuwa akifanya nyumbani ili acheke. Na Viji, ambaye sasa ni mzima, mwenye akili zake na heshima zake, anadhani ni kichaa anayeomba chakula. Treni inaondoka. Mtu anabaki peke yake.

Filamu hiyo ilimpa Kamal Haasan, aliyekuwa Srinivas, tuzo ya taifa la India ya mwigizaji bora. Mwongozaji wake, Balu Mahendra, ndiye aliyeshika kamera mwenyewe, naye alipata tuzo ya upigaji picha. Mwaka 1983 aliitengeneza tena kwa Kihindi, akaiita Sadma, na wale wawili wakuu wakawa wale wale, Kamal Haasan na Sridevi. Sridevi alipofariki Dubai mwaka 2018, wengi walimkumbuka kwa sura ile ya dirishani.

Tulipomaliza kutazama, hakuna aliyesema neno. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza kwa uchungu, "Mwalimu, huyu mtu amepata faida gani?" Mwalimu hakumjibu. Alifungua Biblia, akatusomea Mwanzo sura ya arobaini.

Mnaikumbuka habari ile. Yusufu yu gerezani, na pamoja naye yuko mnyweshaji wa Farao. Yusufu anamfasiria ndoto yake, anamwambia kwamba atarudishwa kazini, anamsihi tu amtaje mbele ya mfalme. Siku ya tatu mnyweshaji anatoka. Kikombe kimerudi mkononi mwake, nguo safi, meza ya Farao. Naye akamsahau Yusufu. Ikapita miaka miwili mizima.

Zamani nilipolihubiri jambo hilo nilimchapa sana yule mnyweshaji. Nilimwita mtu asiye na shukrani. Siku hizi simchapi. Biblia haisemi alimchukia Yusufu. Alikuwa amepona shida yake, na maisha yakaendelea. Viji naye si mwovu. Hakuna mtu katika stesheni ile aliyefanya dhambi. Ndiyo maana inauma. Kama angekuwa amemdharau, tungejua la kusema.

Katika ziara zangu za nyumba kwa nyumba nimeingia mahali ambapo mzee anamlisha mkewe uji kwa kijiko, na mke anamwuliza, "Wewe ni nani, baba?" Wameoana miaka arobaini na zaidi. Mzee anajibu jina lake kwa upole, na baada ya dakika kumi anaulizwa tena, anajibu tena. Nimemwuliza mzee mmoja wa namna hiyo kama hachoki. Akaniambia, "Nachoka, Mchungaji. Lakini mimi namjua yeye." Nami niliyekuja kumfariji nikanywa chai yangu nikanyamaza.

Kwa hiyo kwa miaka mingi niliitumia filamu ile kuwafariji watu walioko stesheni: wanaopenda na wamesahauliwa. Wazazi ambao watoto wao wako mjini na simu hailii. Walimu wa Shule ya Jumapili ambao wanafunzi wao ni wakubwa wenye magari. Niliwaambia Bwana awaona. Ni kweli, na bado nasema hivyo. Lakini sikuwahi kujiuliza kama mimi mwenyewe nimeketi dirishani.

Nimalize kwa jambo lililonipata. Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, nilikuwa mlangoni nikisalimu watu. Alikuja mama mmoja mzee sana, leso mbili zilizopauka, hana viatu. Alinishika mkono akakataa kuuachilia. Akaniita kwa jina ambalo sikulijua, akacheka, akapiga makofi mara tatu polepole, akaningojea kama mtu anayengojea kuitikiwa. Nyuma yake palikuwa na mstari mrefu, na wazee wa kanisa walikuwa wananingoja mkutanoni. Nikamwambia, "Karibu sana, nyanya, Mungu akubariki," nikamwita mzee wa kanisa ampe shilingi mia mbili katika mfuko wa maskini. Alizipokea. Aliziangalia. Akasema, "Asante, mwanangu," akaenda zake.

Usiku nilimsimulia mama yangu kwa simu, tena kama jambo la kuchekesha. Mama akanyamaza muda mrefu. Akaniuliza jina lile lilikuwa nini. Nikamwambia. Akaanza kulia.

Nilipozaliwa, mama yangu alishikwa na ugonjwa akalazwa hospitali mbali, na baba alikuwa kazini mjini. Jirani mmoja, mjane, alinichukua nikiwa na wiki tatu. Alinilea mpaka nilipokuwa na miaka miwili na miezi kadha. Alinibeba mgongoni akilima vibarua. Jina lile ndilo aliloniita. Yale makofi yalikuwa mchezo wetu: yeye anapiga matatu, mimi napiga moja. Mama aliponirudia tulihama, na ikawa kimya. Hakuna aliyenificha jambo hili kwa ubaya. Mama alisema aliona uchungu kulitaja, kwa sababu siku aliponichukua nililia kutwa nikimtaka yule mwingine.

Ndugu zangu, sikulala. Si kwamba nilikuwa na hatia ya kusahau, maana mtoto wa miaka miwili akumbuke nini? Lakini zile shilingi mia mbili sikuweza kuziondoa machoni pangu.

Ilinichukua juma mbili kumpata. Mzee wa kanisa alimwuliza huyu na huyu, mpaka tukaelekezwa kijiji kimoja ng'ambo ya mto, nyumba ya chumba kimoja, kuku wawili mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nimesomea maneno, ndiyo kazi yangu. Nilipomwona ameketi akichambua mboga maneno yote yalipotea. Nilisimama uani nikapiga kofi moja.

Hakushangaa. Alisogeza ungo kando, akapangusa mikono kwa leso, akaniuliza, "Umekula?"

Nikamwambia sijala. Akaingia ndani kuwasha moto.